Mwanamke wa Tumbaku Hayumo Kwenye Filamu

Mimi majina hayanitoki. Ukiniuliza nani alikuwa jirani yetu wakati ule mto Turkwel ulipobeba mbuzi, nitakutajia yeye, wanawe, na mbuzi wawili watatu. Lakini katika habari hii sitaandika jina la mtu. Kuna jina moja ndilo lililoleta vurugu yote, na mwenye jina ameniomba nisilitie kwenye karatasi kwanza. Nikaona kama naliacha hilo, ni haki niyaache yote.

Mwenye jina ni binti yangu wa Kakuma. Namwita wangu, nami sikumzaa. Alizaliwa na mke mwenzangu, ambaye alifariki mtoto akiwa bado anashika ukuta ili atembee, na mimi nikamlea pamoja na wangu hapa Lodwar. Sasa ni mama mzima, ana hoteli ndogo karibu na kambi ya wakimbizi, anauza chai, chapati na maharagwe. Jina lake ameliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Wateja wake ni Wasudani wa Kusini, madereva Wasomali, Wakongo, na watu wetu wakitoka kuuza mbuzi, na wote humwita kwa hilo jina la mlangoni.

Mwaka huu alinipigia simu asubuhi.

"Mama, kile kitabu chenu kimefanywa filamu."

"Kitabu gani?"

"Kwani mlikuwa na vingapi?"

Tulikuwa na kimoja. Nikakaa chini.

"Inaonyeshwa huku kambini wiki hii," akasema. "Njoo tuione. Nataka nimwone yule mwanamke wa tumbaku. Nimebeba jina lake maisha yangu yote na sura yake siijui. Wewe ndiye utanionyesha, huyu hapa."

Basi hapo ndipo mambo yalipoanzia, na kabla sijafika Kakuma lazima nieleze kitabu.

Mke mwenzangu alitoka Lowarengak, huko ziwani. Mzee wetu, mume wetu sote wawili, alikuwa dereva wa lori la samaki, leo Kalokol, kesho juu zaidi, na siku moja akarudi na samaki na huyo msichana. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wa mbuzi na ngamia. Kwa watu kama sisi, mtu wa samaki ni mtu aliyeshindwa na mifugo. Mama mkwe wetu alimwita mla magamba mbele ya uso wake. Msichana aliendelea na kazi yake. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na katika begi lake la nguo alileta kitabu kimoja cha Kiswahili, hadithi ndefu, kisicho na jalada.

Tulikuwa tunasuka vikapu vya mkoma vya kuuza. Yeye mikono yake haikujua mkoma, ilijua nyavu. Vikapu vyake vilipinda kama kofia ya mlevi. Siku moja nikamwambia, "Wewe acha kuharibu majani. Hicho kitabu kinasema nini? Soma, mimi nitasuka na vyako."

Ndivyo tulivyoishi. Yeye alisoma, mimi nikasuka vya watu wawili. Alisoma Kiswahili kwa macho, mdomo ukatoa Kiturkana. Mimi wakati ule sikujua herufi, Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuliza bei. Watu wote wa kitabu aliwapa majina ya kwetu. Alisema majina ya kitabuni ni magumu, yatatuchosha ulimi. Nami sikuona ubaya, maana hadithi yenyewe ilikuwa kama imetokea hapo ng'ambo ya mto.

Ilikuwa habari ya dada wawili walioachiwa kisima na baba yao. Mdogo alikuwa kipofu. Ami yao alikitaka kile kisima, akaja na maneno matamu, kisha akaja na maneno machungu, kisha akaja na watu wa kukata miiba ili akizungushie ua kiwe chake. Na kila ami alipokuja, alitokea mwanamke mmoja mzee, muuza tumbaku, mwenye mzigo kichwani. Hakuwa ndugu yao. Alikuwa anapita tu. Lakini alikuwa na mdomo. Ami alipolia kwamba kisima ni cha ndugu yake na moyo wake unauma, mwanamke wa tumbaku alitema mate pembeni akasema, "Hiki kisima umekililia kuliko ulivyomlilia ndugu yako."

Nilicheka mpaka mkoma ukanikata kidole. Tulimpenda yule mwanamke, mimi na hata majirani waliokuja kusikiliza. Tulikuwa tukisema maneno yake kwa waume zetu. Na siku ya miiba, ami alipokuja na watu wake na mapanga, yule mama alishusha mzigo wake, akakaa juu ya mdomo wa kisima, akakaa tangu asubuhi, jua likampiga, akakataa kuondoka. Akasema mwenye miiba amzungushie na yeye ndani. Jioni watu wale wakaona aibu, wakarudi makwao. Kisima kikabaki.

Sasa sikiliza habari ya jina.

Katika nyumba ya mzee wetu mtoto mchanga alipewa jina akiwa kwenye titi. Wanawake wa nyumba waliketi na kutaja majina ya marehemu wa upande wa baba, moja baada ya jingine, polepole. Jina likitajwa na mtoto akashika titi akanyonya, hilo ndilo. Akigeuza uso mnaendelea. Mke mwenzangu alipokuwa mjamzito aliuliza mara moja, kwa sauti ndogo, kama jina la kwao linaweza kutajwa pia. Mama mkwe akamwambia, "Majina ya kwenu waachie samaki." Hakuuliza tena.

Mtoto akazaliwa. Tukaketi. Mimi ndiye nilipewa kazi ya kutaja, kwa sababu hiyohiyo ya majina kutonitoka. Nikataja bibi wa mzee, nikataja dada zake, nikataja hata yule shangazi aliyekuwa mchawi. Mtoto analia, titi halitaki. Nikarudia. Hataki. Majina kichwani yakaisha. Ndipo, kwa mzaha tu, nikataja jina la mwanamke wa tumbaku.

Mtoto akanyamaza akashika titi akanyonya kama mbuzi aliyefunguliwa.

Mama mkwe akaniuliza, "Huyo ni nani?"

"Ni mtu wa kitabu," nikamwambia.

Mama mkwe alikuwa na macho ya kutosha kuona wamisheni wakibeba kitabu, na kwake kitabu kilikuwa kimoja tu duniani. Akasema, "Kama ni wa kitabu, sisi ni nani tukatae." Akambariki mtoto kwa maji. Mimi nilijua hiki si kile kitabu chake, lakini ningemwelezaje, na mtoto ameshashiba? Mama wa mtoto alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani amechoka.

Baadaye yeye akafariki, na kitabu mchwa wakakimaliza kwenye begi. Nilipoingia ngumbaru, uzee ukiwa umeshapiga hodi, nikajifunza kusoma kwa kidole, lakini kitabu chetu hakikuwepo tena cha kusoma. Binti nilimsimulia kwa mdomo. Nilimwambia, wewe umepewa jina la mwanamke ambaye mama yako alimpenda kuliko wote katika kitabu. Hilo ndilo alilokuwa nalo kutoka kwa mama yake. Picha hana. Shanga tulimzika nazo.

Nikapanda gari la asubuhi nikaenda Kakuma.

Kibanda cha filamu ni cha mabati, kiko ndani ya kambi, viti ni mbao juu ya matofali. Mwenyewe ni Mkongo, kijana mrefu mwenye maikrofoni. Filamu zinasemwa lugha nyingi na watu wake wana lugha nyingi, kwa hiyo yeye husimama pembeni na kueleza kwa Kiswahili chao, huku watu wa filamu wanasema yao. Sisi tulikaa mbele kabisa kwa sababu ya macho yangu. Binti alinishika mkono hapa kwenye kiwiko, na hakuuachia mpaka mwisho.

Picha ikaanza. Kuna mji, kuna mvua, kuna nyumba za mawe, majani ya kijani kila mahali mpaka macho yakaniuma. Wasichana wawili wamesimama mbele ya mashine ya kusaga mahindi. Mashine inanguruma. Nikangoja.

"Kisima kiko wapi?" nikamuuliza binti.

"Sijui. Tulia, labda kinakuja."

Hakikuja. Akaja mwanamume mnene na gari, amevaa suti, anatabasamu. Anaiangalia mashine, anaigusa, anawaambia wale wasichana maneno ya polepole. Watu kibandani wakazomea.

"Huyu ndiye ami," binti akaninong'oneza.

"Ami alikuwa mwembamba. Alikuwa na fimbo."

"Mama, ndiye. Sikia anavyosema. Na hiyo mashine ndiyo kisima."

"Mashine inakuwaje kisima?"

Mtu wa nyuma, Msudani wa Kusini mwenye sauti ya radi, akatuomba kwa heshima tunyamaze.

Nikanyamaza, lakini kichwani hakukunyamaza. Nilikuwa kama mtu aliyeingia boma la jirani gizani akidhani ni lake. Moto uko pale unapokaa moto, mlango uko pale, lakini kila unachogusa si chako. Halafu pakatokea kitu. Yule mdogo, kipofu, aliamka asubuhi mashine ikiwa imezimwa na ami. Akatoka nje akatembea kwa kugusa ukuta, akafika, akaweka kiganja juu ya chuma kilichopoa. Hakusema neno. Na hata yule Mkongo aliacha kusema. Na mimi nililia, kwa sababu ilikuwa vilevile. Kwetu alikuwa amegusa kamba ya kisima iliyokauka, lakini kile kiganja kilikuwa kilekile, kimefunguka vilevile. Nikasema moyoni, basi ni kitabu chetu, hawa watu wamekisoma. Mke mwenzangu alipofika hapo alikuwa akinyamaza vilevile, nami nilidhani anapumzisha koo.

Kwa hiyo nikawa na tumaini. Nikasogea mbele, kwenye ukingo wa ubao wangu.

"Ni huyu?" binti akauliza. Mwanamke mzee alikuwa anapita na ndizi.

"Siye. Huyo anauza ndizi."

"Labda wamembadilisha."

"Na amepita bila kusema kitu. Yule hapiti hivyo."

Akaja mwanamke mwingine, wa kanisani, anawapa wasichana unga.

"Huyu?"

"Huyu ni mpole sana."

Ami akaleta askari na kufuli kubwa. Nikamshika binti. Nikamwambia, sasa, angalia sasa, hapa ndipo anapokaa. Tukaangalia mlango wa mashine mpaka macho yakatoka maji. Mlango ukafungwa. Kufuli likaingia. Hakuna aliyekaa. Badala yake dada mkubwa akapanda basi akaenda mjini, akarudi na wakili mwenye miwani, na wakili akasimama mbele ya hakimu akasema maneno mengi, na mashine ikarudi kwa wenyewe. Watu wakapiga makofi. Ikaisha. Hadithi iliyotuchukua vikapu vya msimu mzima, hawa wameimaliza kabla matako yangu hayajafa ganzi.

Binti hakusimama. Watu walitoka, wakatuzunguka kama maji yanavyozunguka mawe. Kisha akaenda kwa yule Mkongo, nami nyuma yake.

"Kaka, huyu mama anamtafuta mtu. Mwanamke mzee anayeuza tumbaku. Umemruka?"

Mkongo alikuwa anakunja waya. "Dada, ule mutu haiko. Nimeionesha tangu juzi, najua kila sura. Hakuna mwenye kuuzisha tumbaku."

"Labda walimkata," nikasema.

"Inawezekana, mama. Banakata sana." Akaniangalia uso, nadhani akanihurumia. "Lakini kama unamupenda, mi nitamuweka."

"Utamweka wapi, na hayuko?"

"Ku mudomo. Unipatie maneno yake, kesho pale askari anakuja na kufuli mi nitamusemesha. Batu batasikia, batafikiri amesimama pembeni ya picha. Ba Sudani hawa, nilishabawekea ng'ombe mu filamu ya Uchina. Banakuja kila wiki kuuliza ng'ombe."

Binti alicheka kidogo, kwa adabu. Mimi sikucheka. Niliangalia ile maikrofoni yake, na kitu kikaanza kunitembea mgongoni, lakini sikukijua jina. Tukaenda nyumbani.

Njiani binti alikuwa na hasira na watu wa Nairobi waliotengeneza filamu.

"Wamemtoa kwa sababu ni mzee na anatema mate. Wanataka wasichana wazuri na wakili. Si ndiyo?"

"Labda."

"Mtu bora kuliko wote, wanamtoa."

"Labda," nikasema tena.

Kesho yake mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wake wa chai ya saa nne, akamletea kitabu chenyewe, kipya, kina picha ya mashine juu. Binti akakaa nyuma ya kaunta akasoma. Maharagwe yaliungua. Wateja walijimiminia chai wenyewe. Alipochoka macho alinipa mimi, nikaweka kidole, nikasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Na humo, ukurasa wa kwanza, mashine ya kusaga. Majina ya mbali. Nilidhani mwalimu ameleta kitabu kingine chenye kufanana. Lakini nikafika kwa kipofu na kiganja, nikaona maneno ni yaleyale, hata lile la umande kwenye nyayo ambalo filamu haikuweza kulionyesha, nalo mke mwenzangu alilisema. Nikafika kwa ami. Kitabuni ami ni mnene, ana gari. Watu wa filamu hawakudanganya. Hata suti wameipata.

Mwanamke wa tumbaku hakuwepo. Askari wanakuja, kufuli linaingia, dada anapanda basi. Hakuna hata nafasi ya mtu kushusha mzigo.

Binti alimaliza kabla ya jua kuinama. Akafunga kitabu taratibu akaniangalia.

"Mama, mimi nimeitwa nani?"

"Umeitwa mwanamke wa tumbaku."

"Hayuko. Si kwamba wamemtoa. Hajawahi kuwepo." Akanyoosha mkono kuelekea mlango, kule juu kwenye rangi. "Watoto wangu nimewasimulia. Wateja nimewasimulia. Mwalimu huyu mwenyewe nilimwambia nimetajwa kitabuni, akanyamaza tu, kumbe ananistahi. Kumbe mimi nimepewa jina la hewa."

Nilimwambia labda kile cha zamani kilikuwa kirefu, labda wamepunguza. Akafungua ukurasa wa mbele, ule wenye maandishi madogo, akanisomea kwamba ni kilekile, kimerudiwa tu kupigwa chapa. Nikamwambia labda mimi ndiye nilikuwa nimelala nikaota. Akasema, "Majirani wote waliota pamoja nawe?" Hapo nikamkumbuka Mkongo na maikrofoni yake. Ku mudomo.

Nikamwambia ampigie dada mkubwa wa mama yake, kule Lowarengak. Walikuwa wanasalimiana mara mojamoja, kwa msiba na kwa sikukuu, hawakuwa na mazoea. Akampigia, akaiweka simu juu ya kaunta ili nisikie.

"Ejok," sauti ikasalimu. Nyuma yake upepo wa ziwa unapiga kitu cha bati.

"Ejok, mama. Nina swali, usinicheke. Jina langu unalijua lilitoka wapi?"

"Jina lako? Si la mama yetu?"

Binti akaweka kiganja juu ya kaunta.

"Mama yenu nani?"

"Mama yetu sisi. Bibi yako, aliyemzaa mama yako. Wewe watu wa Lodwar hawakukwambia? Sisi tulishangaa sana vile walikubali. Tulisema, hawa watu wa mbuzi kumbe ni wazuri, wamempa mtoto jina la mwanika samaki."

Mimi nikasogea kwenye simu. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ndiye mke mkubwa. Nikamuuliza kama mama yao aliuza tumbaku.

"Tumbaku ya nini? Alikuwa na samaki. Alikausha, akabeba kichwani, akauza. Mdomo wake ndio ulikuwa na pilipili. Baba yetu alipokufa, kaka yake alikuja kuchukua mtumbwi. Analia, analia, kila mtu anamhurumia. Mama akamwambia, huu mtumbwi umeulilia kuliko ulivyomlilia ndugu yako. Halafu akaingia ndani ya mtumbwi akakaa. Alikaa kutwa na jua lile. Akasema kama mnauchukua, mchukue na mimi. Tulimpelekea maji sisi watoto, mama yako akiwa mdogo kabisa, anaogopa, analia. Jioni wakauacha."

Akauliza kama kuna shida. Binti akasema hakuna shida. Akamshukuru, akamuuliza hali ya samaki, akamuaga vizuri. Kisha akakaa kwenye kiti cha mteja.

Naandika haya na bado sijayapanga. Watu husema kitabu kilikuwa kizuri, filamu imekiharibu. Mimi siwezi kusema hivyo. Filamu ile imekifuata kitabu kama kondoo anavyofuata mwenzake. Kama mtu atauliza, nitamwambia wamefanya kazi ya haki, na yule msichana kipofu Mungu ambariki. Lakini kitabu nilichokipenda mimi si hicho walichokifuata, na nilichokipenda hakipo mahali mtu anaweza kwenda kukitazama. Nimejaribu kutenganisha. Kiganja ni cha kitabu. Umande ni wa kitabu. Kisima ni cha mke mwenzangu. Lakini je, yule mbuzi wa hadithi aliyetumbukia kisimani? Je, ule wimbo wa dada mkubwa akiteka maji? Nimepekua tena kurasa nikiutafuta wimbo, sikuuona, na sasa nauogopa kuuimba, sijui ni wa nani.

Na mke mwenzangu alimwingiza mama yake kitabuni lini? Ni baada ya kuambiwa majina ya kwenu waachie samaki, au tangu mwanzo kabisa, alipokuwa msichana tu aliyeletwa na lori, ana hamu na mama yake, akamtafutia mahali pa kukaa? Najaribu kukumbuka nilikuwa nasuka kikapu gani alipotokea mara ya kwanza na mzigo wake, na hapo kichwa changu kinachojivunia majina kinafunga mlango. Hata hilo la tumbaku. Alijua angesema samaki tungecheka, na tungemcheka badala ya kucheka naye. Hilo naona alilijua. Lakini jina nililitaja mimi, kwa mzaha. Asingeweza kujua kama nitalitaja. Au alijua? Majina mangapi nayajua, na la mama yake mzazi sikuwahi kumuuliza hata siku moja, tulikaa kivuli kimoja miaka yote ile.

Haya yote nilimwambia binti, pale pale kaunta, kama yanavyokuja. Alisikiliza akiwa anakwangua sufuria ya maharagwe iliyoungua. Alikuwa ametulia kunizidi. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa:

"Mama, ungejua ni huyo wa Lowarengak, mwenye samaki, ungelitaja?"

Nilifungua mdomo. Mama mkwe alikuwa ameketi pale, mzee wetu yuko nje anangoja, nyumba nzima ya watu wa mbuzi inasikiliza. Nilikuwa kijana, nami nilitaka kusifiwa. Nilitafuta jibu ambalo lingekuwa zuri, sikulipata, nikatafuta la kweli, hilo nalo likanikimbia.

"Sijui," nikamwambia.

"Ndiyo maana mama yangu hakukuuliza."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja gari fulani hupita njia gani. Akaendelea kukwangua.

Dereva mmoja Msomali alikuwa ameingia, ameketi karibu na mlango, amechoka na vumbi la barabara. Akamwita kwa jina, kama wanavyomwita wote, akaomba chai ya maziwa. Binti alikawia. Nilidhani hakusikia. Dereva akaita tena, na mara hii aliweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akaitika, akaitika kwa nguvu mpaka dereva mwenyewe akageuka kuona ni nani aliyeitwa.

Mwalimu atapita saa nne kuchukua kitabu chake. Ninacho hapa mapajani, kidole kiko kwenye ukurasa wa kufuli, kwa sababu nasema labda nimesoma vibaya. Nimeruka mstari. Kusoma kwangu ni kwa kidole, na kidole kinaweza kuruka.